Siku Moja na Kitabu Nilichojichapishia

Wengi wakisikia nimejichapishia kitabu hudhani kazi iliisha siku kilipotoka. Kazi ya leo karibu yote ni ya riwaya ambayo iko sokoni tayari.

Saa 11 alfajiri naandika mswada mpya mpaka saa 2, simu nimezima. Ndizo saa zangu bora.

Saa 2 na nusu nafungua maoni ya wasomaji. Yapo mawili. La kwanza ni nyota moja: kitabu kilichelewa, kikafika na jalada lililokunjika. Nakala zangu huchapwa mtu anapoagiza, na kampuni ndiyo inayochapa, kufunga na kusafirisha. Mimi hata kuzigusa sizigusi. Ila nyota hiyo inakaa chini ya jina langu na kushusha wastani. Inauma. Simjibu. Mwandishi akianza kubishana na msomaji hadharani, wapita njia husoma ugomvi, kitabu wakakiacha. Na yule ametoa pesa yake, ana haki ya kusema.

La pili, nyota tatu, ndilo limenila siku nzima: "Mjomba nilimpenda sana, halafu akatoweka mpaka karibu na mwisho. Alikuwa wapi?"

Nina daftari ninamoandika kila lawama pamoja na sura inayohusika. Mmoja akisema mwisho haukumpendeza, hiyo ni ladha yake. Watu wasiojuana wakigusa sehemu ileile, hapo pana kazi. Mjomba huyu ameulizwa na zaidi ya mmoja.

Nampigia mhariri wangu. "Dada, wanamuulizia tena mjomba."

"Usimwongezee sura. Mpe barua moja katikati. Watu hawataki maelezo, wanamtaka yeye."

Barua ya nusu ukurasa. Saa 5 nimeanza, saa 9 bado niko nayo, maana ukigusa uzi mmoja nguo yote inavutika. Sura ya 9 dada yake mjomba analalamika kwamba hajapata habari zake. Sasa amezipata, kwa hiyo mazungumzo yote yale yabadilike. Sura ya 11 kuna mtu anauliza kama yu hai. Futa, andika upya, rudi nyuma, soma tena.

Halafu kurasa zinasogea. Mstari mmoja umebaki peke yake juu ya ukurasa, yaliyomo hayalingani tena na namba, na kurasa zikiongezeka mgongo wa kitabu unanenepa, kwa hiyo jalada lipimwe upya. Kusahihisha herufi hakudai ISBN mpya, ile namba ya kutambulisha kitabu. Kubadili maudhui kwa kiasi kikubwa kunadai. Kwa kuwa kuna sura nyingine nimeziandika upya, hili litakuwa toleo la pili, lenye tarakimu zake 13, na nakala ya kielektroniki nayo iwe na zake.

Giza limeingia, mgongo unauma. Nasoma kwa sauti sura zote zilizoguswa, kwa sababu sikio hushika neno lililorudiwa ambalo jicho limeshaliruka mara nyingi. Sauti imekauka, lakini ukurasa ule sasa unasimama, nami najivunia.

Nimemtumia mhariri. Amejibu usiku huohuo: barua ibaki, ila sentensi ya mwisho, "Tutaonana Mungu akipenda," itoke. Mjomba huyu si mtu wa kuaga. Kweli kabisa, nimeifuta.