Kontena Tupu na Mabaharia Wasioshuka

Ugonjwa unapoenea duniani kote, wengi wetu hudhani kwamba biashara hukwama kwa sababu viwanda vimefungwa. Nami nilidhani hivyo mwaka 2020, hadi nilipoanza kufuatilia safari za kontena.

Kontena likishapakuliwa ni lazima lirudi linakohitajika, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. UVIKO-19 ulipoanza, kampuni za meli zilifuta safari nyingi zikihofia kukosa mizigo. Kumbe watu waliojifungia majumbani Marekani na Ulaya, wasioweza tena kutumia fedha zao kwa utalii wala mikahawa, walizielekeza kwenye samani, kompyuta na vifaa vya mazoezi, ambavyo vingi hutengenezwa Asia. Makontena yalifika yamejaa, kisha yakarundikana huko yakiwa matupu, huku wauzaji wa China wakiyatafuta kwa udi na uvumba. Nauli ya kontena la futi 40, ambayo kwa wastani haikufika dola 2,000 kabla ya janga, ilipita dola 10,000 mnamo Septemba 2021. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mfanyakazi mmoja tu alipogundulika kuwa na virusi, gati la Meishan katika bandari ya Ningbo-Zhoushan nchini China lilifungwa kwa takriban wiki mbili. Ilipofika Januari 2022, meli zaidi ya 100 zilikuwa zikingoja zamu ya kushusha mizigo Los Angeles na Long Beach.

Habari za nauli zilitangazwa sana. Za mabaharia hazikutangazwa vya kutosha, na hilo bado linanikera. Neno karantini lilitokana na siku 40 ambazo meli zilizuiwa Venice wakati wa tauni, ambapo watu na shehena walingoja pamoja. Safari hii shehena ilipokelewa, lakini walioileta wakakatazwa kushuka. Kufikia mwisho wa 2020, mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kwisha. Umoja wa Mataifa ulizihimiza nchi ziwatambue kuwa wafanyakazi muhimu mnamo Desemba mwaka huo, wakati ambapo baadhi yao walikuwa wamekwisha kupitisha miezi 12 baharini, muda ambao Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 hauruhusu ufikiwe.