Vuli ya Mvumi

Suti ilikuwa ya shemeji yangu na mikono yake ilinizidi urefu, kwa hiyo asubuhi ile ya Septemba 2013 nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha jopo nikiwa nimeikunja kwa ndani ili vidole vionekane. Mapajani nilikuwa na nakala nne za andiko la utafiti, kurasa 28, zilizofungwa kwa spairo usiku uliotangulia kwenye steshenari moja karibu na soko la Majengo, Dodoma. Kichwa cha kazi kilikuwa kirefu kuliko jina langu, la baba na la babu tukiyaunganisha. Kilihusu mvua katika Kumbukumbu la Torati sura ya 11: maneno ya Kiebrania yoreh na malkoshi, mvua ya kwanza na mvua ya mwisho, ambazo Biblia yetu ya Union Version ya 1952 inaziita masika na vuli.

Nilijiona nimeiva. Kiebrania kilikuwa kimenitoa jasho mwaka mzima. Mtu wa miaka 38, mchungaji wa parishi, nilirudi kusoma herufi kama mtoto wa chekechea, tena kutoka kulia kwenda kushoto. Dayosisi ililipa nusu ya ada. Nusu nyingine ilitoka kwa ndugu, kwa ng'ombe mmoja, na kwa mke wangu ambaye sikuwahi kumwuliza alizipata wapi.

Nje kisulisuli kilizunguka uwanjani, kikainua vumbi na majani ya mwarobaini, kikafia ukutani. Wakaniita.

Waliketi watatu. Nilisoma kwa Kiingereza dakika 15, maana shahada ya uzamili tulifanya kwa Kiingereza hata kama chumbani wote tulikuwa Watanzania. Niliwataja wataalamu wa Ujerumani, nikaeleza mizizi ya maneno, nikaonyesha kwamba malkoshi lina undugu na neno la mazao ya mwisho wa msimu. Profesa mzee aliyeketi katikati alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kuihesabu shahada kuwa yangu.

Ndipo mama aliyekaa mwisho wa meza, ambaye muda wote alikuwa akiandika tu, akavua miwani. Akaacha Kiingereza.

"Mchungaji, wewe ni mtu wa wapi?"

"Mvumi, Dokta."

"Mvumi ipi, Misheni au Makulu?"

"Misheni."

"Mbukwenyi," akanisalimu kwa Kigogo, na wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikaitikia. Kumbe nilikuwa nalainishwa. "Sasa niambie. Mvumi vuli inanyesha mwezi gani?"

Nilifungua mdomo nikajibu habari za Israeli. Nikasema mvua za kwanza huanza Oktoba. Akasema hapana, hajauliza Israeli, ameuliza Mvumi. Nikasema Novemba. Akaniuliza Novemba iliyopita mimi nilipanda nini. Nikanyamaza. Novemba Mvumi ni jua, ni kusafisha shamba na kutazama mawingu yanayokwenda kunyesha kwa wengine. Vuli hatuna. Tuna mvua moja tu, inayoanza Desemba ikipenda na kuishia Aprili ikitaka. Wazee huuita msimu huo kifuku, basi.

"Angalau divai Dodoma tunayo," profesa mzee akasema, kwa sababu aya ile inaahidi nafaka, divai na mafuta. Alitaka kuniokoa, wakacheka. Kicheko kile kiliniuma zaidi ya swali.

Niseme wazi, sina ugomvi na waliotafsiri Union Version. Kiswahili walichokishika kilikuwa cha pwani, na mtu wa Unguja au Tanga akisoma "masika" na "vuli" anaiona miezi yake: vuli ya Oktoba hadi Desemba, kisha masika ya Machi hadi Mei. Kilichonichoma ni kwamba nilikuwa nimeisoma aya hiyo madhabahuni Mvumi miaka tisa, nikaihubiri, nikaombea vuli ambayo haipo, na watu wakaitika amina. Hakuna aliyeniuliza. Au labda waliulizana wao kwa wao njiani, wakaniheshimu tu.

Jopo likanirudisha. Wiki sita, nirekebishe, nije tena.

Jumamosi nilipanda basi la Mvumi bila suti. Mama nilimkuta kivulini nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, ungo wa mbegu za uwele mapajani, anatoa punje zilizotobolewa na wadudu na kuwatupia kuku. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kinu kilicholazwa. Nikamweleza, nikitarajia pole.

"Vuli ni ya watu wa pwani," akasema bila kuinua macho. "Hata marehemu baba yako alikuwa anaisoma hivyohivyo kanisani. Mimi nilinyamaza."

"Sasa sisi ya kwetu tuiseme vipi?"

"Mvua ni moja. Ila ina kichwa na ina mkia." Akachota uwele kiganjani. "Ya kichwa ndiyo inakulainishia udongo, unapanda. Halafu Februari inakata. Jua linawaka, mtama unajikunja kama karatasi, watu wanaanza kugombana. Ukiona mkia umekuja, Machi ile, suke linajaa. Usipokuja, mabua unayo na chakula huna."

Nilihisi damu imepanda masikioni. Kwenye ukurasa wa 6 wa andiko langu nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa Kiingereza kizuri, kwamba nchi ya Biblia ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi, na kwamba yoreh ni mwanzo wake na malkoshi ni mwisho wake. Ile ya kwanza kwa ajili ya kupanda, ile ya mwisho kwa ajili ya kujaza nafaka. Sentensi hiyo niliiandika, nikaiwekea tanbihi tatu, nikaipita. Pwani wana misimu miwili. Waisraeli walikuwa na mmoja wenye kichwa na mkia, kama sisi.

Nikatoa nakala iliyorudishwa, nikageuza ukurasa wa mwisho, nikaanza kuandika upande mweupe kwa kalamu ya kuazima kwa mpwa wangu. Nilimwomba arudie lile la Februari. Akarudia, safari hii polepole, kama anayemwandikisha barua mtu asiyejua kusoma.

"Na haya nayo," akauliza nilipomaliza, "chuoni wanakutoza ada?"

"Wananitoza, Mama."

Akaguna. Kisha akaniwekea ungo magotini.

"Basi chambua huku ukiandika. Mbegu bado nyingi."