Mizani Niliisukuma Chini ya Kitanda

"Wewe, unakimbizwa na nani?"

Ndivyo dada yangu alivyoniuliza kwenye simu asubuhi moja nilipokuwa natoka zamu ya usiku. Sikuwa nakimbizwa na mtu. Lifti ya jengo letu ilikuwa mbovu, nikawa napanda ngazi kwenda chumbani kwangu ghorofa ya tatu. Kufika ya pili nilikuwa nahema kama mtu aliyebeba gunia mgongoni. Nikamdanganya kwamba mtandao unakatikakatika, nikakata simu, nikaketi palepale kwenye ngazi kusubiri moyo utulie.

Nilikuwa na miaka 38 na kilo 104. Nilipopanda ndege kuja huku miaka sita kabla ya siku hiyo nilikuwa na kilo 79.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Naingia saa moja jioni, natoka saa moja asubuhi, na ovataimu ikipatikana sikuwa nikiiacha ipite. Wenzangu wa ughaibuni mnayajua maisha haya: mlo unaliwa umesimama, usingizi unaibiwa mchana majirani wakipigilia misumari, na miezi ya baridi unaingia kazini gizani na kutoka gizani. Kilo 25 haziji siku moja. Zinakuja gramu kwa gramu, kila wiki unajiambia suruali imebana kwa sababu ya kufuliwa.

Msidhani nilikaa kimya nikizitazama. Nilipiga dayati tatu. Ya kwanza ilikuwa ya supu tupu, na wiki ya kwanza zilitoka kilo nne! Niliwatangazia watu. Baadaye ndipo nikaelewa kilichotoka. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Ukijinyima ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Yaani nilikuwa nashangilia mkojo. Ya pili ilikuwa ya kukataa wanga wote. Nilipungua kilo tisa kwa miezi miwili, zikarudi kumi na moja. Ya tatu, mlo mmoja kwa siku, iliishia kazini: nilikuwa namwinua mzee mmoja kutoka kitandani, kizunguzungu kikanishika, na mzee mwenyewe ndiye aliyenidaka mkono nisianguke. Tulicheka wote wawili, lakini usiku ule sikujisikia vizuri hata kidogo.

Nilikuwa najiona mtu asiye na msimamo. Mawazo hayo yaliyumba nilipoanza kusoma wakati wa mapumziko ya usiku, badala ya kupekua video. Nikakutana na jaribio lililoanza mwaka 1944 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mtafiti Ancel Keys alichukua vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao, akawalisha nusu ya walichozoea kwa wiki 24. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Kilichonigusa mimi si kilo hizo, ni tabia zao. Walikuwa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi kama hadithi, wanalamba sahani, wanagombana kwa mambo ya kijinga. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi walikula mpaka tumbo likauma na bado wakasema wana njaa. Na kiasi walichokuwa wakipewa wakati wa kunyimwa kilikuwa kama kalori 1,570 kwa siku. Dayati yangu ya supu haikufika hapo! Vijana wale walikuwa na msimamo kuliko mimi na wewe. Mwili wao ndio ulioamua kwamba kuna janga la njaa, ukajihami.

Na ukishajihami hausahau upesi. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha habari za watu 14 waliowahi kushiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani. Miaka sita baada ya shindano, wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inachoma karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa mtu wa umbo lao. Fikiria unakula sawa na mwenzako wa uzito uleule, yeye habadiliki, wewe unanenepa.

Kilichonipeleka kliniki hakikuwa unene. Ni maumivu ya kichwa ya kila asubuhi. Muuguzi akanifunga mkanda wa presha, akapima, akanyamaza, akapima tena. 152 kwa 96. Sukari nayo ilikuwa mlangoni, haijaingia ndani lakini imeshabisha hodi. Nikaanza kujitetea kabla hajasema neno: najua, najua, lazima nipunguze kilo, kesho naanza. Akaniangalia.

"Unalala jumla ya saa ngapi kwa siku?"

"Saa nne. Tano nikibahatika."

Akaandika. Kisha akanipa karatasi yenye mambo ya kufanya: usingizi, kutembea, vidonge vya presha, kurudi baada ya miezi mitatu. Kuhusu uzito hakuandika hata neno. Nilipouliza, akasema mizani nisiiguse mpaka nitakaporudi. Kusema kweli nilikasirika kidogo, kama fundi aliyeletewa gari lisilo na injini akaambiwa aanze na taa. Nikafika nyumbani, nikaisukuma mizani chini ya kitanda kwa mguu.

Sasa usingizi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mambo yangu yote yalipokuwa yameharibikia. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa mwaka 2004, mdogo tu, vijana 12. Walilala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, usiku mbili mfululizo, wakapimwa damu, kisha wakalinganishwa na walipopewa saa kumi kitandani. Homoni ya leptini, ile inayouambia ubongo kwamba umeshiba, ilikuwa imeshuka kwa asilimia 18. Grelini, inayoita njaa, ilikuwa imepanda kwa asilimia 28. Na walichokitamani zaidi ni vitu vitamu na vya wanga. Nilijiona mwenyewe, saa tisa usiku, nimesimama mbele ya mashine ya vitafunwa na sarafu mkononi. Mimi nilikuwa nafanya kwa miaka sita kile ambacho wao walifanyiwa kwa usiku mbili.

Nilinunua pazia zito jeusi. Simu nikawa naiacha jikoni. Nikamwomba msimamizi anipange zamu za usiku mfululizo, kisha mapumziko mfululizo, badala ya kuzitawanya leo usiku kesho mchana. Alikubali baada ya kuombwa mara ya tatu. Na ovataimu nikaikata. Habari ya ovataimu nitairudia.

Wiki ya pili ya kulala kwa muda wa saa saba, kuna jambo lilinishangaza: nilipita mbele ya ile mashine, nikafika mwisho wa korido ndipo nikakumbuka kwamba nimeipita. Sikuwa nimejikaza. Sikuwa nimekula kiapo chochote. Sikuwa na hamu tu.

Kutembea kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, kwa sababu sikwenda jimu. Nilikuwa nashuka basi vituo viwili kabla. Basi lenyewe lina historia yake: mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima, makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache zaidi. Siku nilipolisoma hilo nikaacha kuililia lifti. Na wale mnaohangaika kutimiza hatua 10,000 kwa siku, tulieni: namba hiyo ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Ilikuwa biashara. Mimi nafanya elfu sita, saba siku nzuri. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukuchangamsha, pamoja na siku mbili za kutia misuli nguvu. Hiyo ya misuli nafanya chumbani, naketi na kuinuka kwenye kiti mpaka mapaja yawake moto, nainua madumu ya maji. Kazini nainua watu, nilidhani inatosha. Haitoshi, inaumiza mgongo tu.

Chakula sikukipiga marufuku. Nilichobadilisha ni kwamba nakula mlo kamili, nimekaa, kabla ya kuingia zamu, na nabeba mwingine kwenye kontena. Ule wa pakiti nimeupunguza, kwa sababu Kevin Hall yuleyule, mwaka 2019, alichapisha jaribio la watu 20 waliokaa hospitalini mwezi mzima. Wiki mbili waliwekewa vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya kawaida, mezani sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi vikiwa vimelinganishwa, na kila mtu akala anavyotaka. Kwenye vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Hawakuambiwa wale zaidi. Vilikuwa vinaliwa haraka, vinateleza tu.

Miezi mitatu ikatimia. Presha 136 kwa 86, kichwa kimeacha kuuma. Nikapanda mizani kifua mbele: kilo mbili na nusu. Basi. Mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa akinywa maji ya matunda tu alikuwa ameshusha kumi kwa muda huohuo, anapongezwa kila korido. Wivu ulinishika, siwafichi. Ningekuwa bado ninaitazama mizani kila asubuhi, ningeshaacha wiki ya tano, maana najijua.

Baridi ilipokuja nikarudi nyuma. Sikutembea karibu miezi miwili. Nilipimwa pia vitamini D ikaonekana iko chini, jambo la kawaida kwetu wenye ngozi nyeusi kwenye nchi zenye jua la kuhesabu, kwa kuwa ngozi yetu huitengeneza polepole zaidi. Nikapewa vidonge vyake. Havikunipunguza uzito na wala si kazi yake, nawaambia kwa sababu kuna wanaoviuza kwa ahadi hiyo. Kilo mbili zilirudi. Lakini usingizi sikuuachia, na jua liliporudi sikuhitaji kuanza moja.

Leo ni mwezi wa ishirini. Kilo 91. Kiuno kilikuwa sentimita 112, sasa 98. Mimi nina urefu wa sentimita 178, na kiuno kinashauriwa kiwe chini ya nusu ya urefu, kwa hiyo bado nina sentimita tisa za kuzungumza nazo. Kwa jedwali la BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, bado naitwa mzito kupita kiasi. Jina hilo la BMI, kwa wanaopenda visa, lilitolewa mwaka 1972 na Ancel Keys yuleyule wa wale vijana 36, kwa hesabu iliyobuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Daktari wangu haangalii sana hapo. Anaangalia sukari, ambayo imerudi nyuma kutoka mlangoni. Aliniambia juu ya utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi lililolenga kupungua asilimia saba tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Asilimia saba yangu ilikuwa kilo saba na kidogo. Miaka yote nilikuwa nadai ishirini na tano au sifuri. Vidonge vya presha bado nameza, kipimo kimepunguzwa, na sitaviacha kwa uamuzi wangu.

Sasa ile ovataimu. Kuikata kulimaanisha hela ya kutuma nyumbani inapungua, na jambo hilo lilininyima usingizi uleule niliokuwa nautafuta. Ilinichukua wiki tatu kumwambia dada. Nilitayarisha maelezo marefu ya homoni na presha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, nikadhani safari hii mtandao umekatika kweli.

"Kwani nani alikuambia ufe ndiyo sisi tule?"

Nikashukuru, macho yakanilowa kidogo. Siku mbili baadaye ujumbe ukaingia: ada ya mtoto imebaki nusu, na muhula unaanza Jumatatu.

Nikaingia zamu moja ya ziada. Ada ikalipwa, nikalala Jumamosi nzima. Mwezi uliofuata msimamizi aliponiuliza kama nitachukua nyingine, nilimwambia hapana.