Nilivyotofautisha bakteria aliyenyamazishwa na aliyeuawa

Duara lisilo na rangi kwenye sahani ya kuoteshea bakteria wa zambarau humdanganya mtu upesi. Nilikuwa natafuta bakteria wa baharini wanaotoa kemikali za kuvuruga mawasiliano ya bakteria wengine, na kuwapata wenye dalili hakukunisumbua. Jasho lilinitoka kwenye kuthibitisha kwamba ninachokiona ni ukimya na si kifo. Naeleza nilivyofanya kwa sababu kazi hii inawezekana kwa vifaa vya kawaida vya maabara zetu.

Nilianzia kwenye spinosamu, mwani unaolimwa pwani ya mashariki ya Unguja. Uso wake umejaa bakteria wanaogombea nafasi, na penye ushindani huo ndipo silaha za namna hii hupatikana. Huko Marekani, watafiti walimtoa bakteria Halobacillus salinus kwenye nyasi bahari za Rhode Island, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba kemikali zake huzima mwanga wa Vibrio harveyi, bakteria anayeng'aa, bila kuzuia ukuaji wake. Mimi nilichukua vipande vya mwani wakati wa bamvua, maji yamekupwa, nikavisuuza kwa maji ya bahari yasiyo na vijidudu ili wabaki walioshikilia tu, kisha nikawaotesha kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ya chumvi.

Bakteria wa kupimia alikuwa Chromobacterium violaceum. Huyu hutoa rangi ya zambarau, violasini, pale tu akidi inapotimia, yaani wakiwa wengi wa kutosha: kila mmoja hutoa kemikali ndogo ya jamii ya homoserini laktoni, nayo ikikolea, jeni za rangi huamka. Nilimimina agari laini yenye bakteria huyo juu ya koloni zangu, yaani vifundo vya bakteria wa mwani vilivyoota, nikaziacha usiku kucha kwenye nyuzi 30. Asubuhi koloni kadhaa zilikuwa zimezungukwa na duara lisilo na rangi.

Hapo pana haja ya kutulia. Duara angavu kabisa ni dalili ya dawa inayoua. Lenye ukungu mweupe ndilo la kufuatilia. Lakini jicho peke yake halitoshi. Nilichota agari ndani ya duara, nikaizimua hatua kwa hatua, nikaipanda kwenye sahani mpya, sambamba na agari iliyochotwa nje ya duara. Idadi za koloni zikikaribiana, na zote zikirudi kuwa zambarau, basi bakteria walikuwa hai muda wote. Walikosa kusikiana tu. Naiamini njia hii kuliko kupima ukungu wa kimiminika kwa mashine, maana violasini yenyewe huvuruga kipimo.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio ningependa wenzangu wauzingatie zaidi. Bakteria wengi wa baharini wakila peptoni, yaani protini iliyovunjwavunjwa, hutoa amonia, pH ikapanda. Pete ya homoserini laktoni hufunguka kwenye alkali, hivyo ujumbe huharibika bila kemikali yoyote mpya kuwapo. Tena Chromobacterium hapendi chumvi nyingi. Kwa hiyo nilitia bafa ya pH 7, inayozuia pH isibadilike, kwenye agari laini, na kila mara nikaweka sahani ya ulinganisho yenye chumvi ileile bila bakteria wa baharini. Koloni nyingi zilizonipa matumaini zilianguka hapo.

Zilizobaki nilizipima kwa joto. Nilichuja maji zilimooteshwa, nikachemsha nusu yake. Yakipoteza nguvu, huenda kazi ilifanywa na kimeng'enya, kwa mfano laktonesi inayoikata pete ile. Yasipopoteza, kuna uwezekano mkubwa wa molekuli ndogo inayostahimili joto, na hiyo ndiyo ninayoitaka, niijaribu dhidi ya Pseudomonas aeruginosa, anayetumia mawasiliano haya kujenga utando kwenye vidonda na katheta (mipira ya kitabibu inayoingizwa mwilini). Kemikali isiyoua haimshinikizi bakteria kama antibiotiki inavyofanya, ingawa usugu unaweza kuzuka hata hapo. Sasa nazitenga molekuli hizo kwa kiyeyushi cha ethili asetati, na kila sehemu inayopatikana huipitisha kwenye jaribio lilelile la kuchota, kuzimua na kupanda.