Nyenje Wanalia

Jumapili, usiku

Runinga ya Baba ilikuwa haishuki chini ya sauti 62. Kila nikija Mombasa likizo naikuta hapo, na kabla sijafika mlangoni nimeshajua taarifa ya habari imefika wapi, maana naisikia tangu pale kwa muuza mahamri. Jirani mmoja alinambia yeye hana haja ya kununua runinga, ya kwetu yamtosha.

Na pamoja na hizo 62, Baba ameinama mbele ya kiti, kiganja nyuma ya sikio: "Asema nini huyu?"

Alifanya kazi karakana miaka mingi, kwenye mashine za kukata na kunoa chuma, enzi ambazo mtu akiziba masikio alichekwa. Alipoanza kulalamika alikuwa na sentensi moja tu: nasikia sauti, maneno siyasikii. Sisi watoto tukaichukulia kuwa ni usemi wa mzee. Mwaka jana nikampeleka kwa daktari wa masikio, na huyo daktari akanieleza kwa dakika tano jambo ambalo lilipaswa kunitia haya. Kelele na umri huanza kula sauti nyembamba. S, f, t, sh, zote hizo ni nyembamba. A na o na u ni nzito, zinabaki. Kwa hiyo mtangazaji akisema "fisi", Baba hupata "i, i", na hizo i mbili amalizie mwenyewe. Ukiongeza sauti unamwongezea zile i. Nilipotoka pale nikakumbuka mara ngapi nimemwambia, "Baba, si nimekwambia tayari?"

Kifaa cha masikio alinunuliwa. Kiko kwenye droo, pamoja na betri zake. Anasema kinapiga mluzi na feni inakuwa kama helikopta. Hilo tumeliacha.

Juzi Ijumaa ndipo nilipochukua rimoti kwa makusudi. Kwenye menyu ya runinga mna sehemu ya manukuu (sisi nyumbani tunayaita maandishi ya chini, neno manukuu nimelikuta kwenye simu iliyowekwa Kiswahili), na sikuwahi kuigusa kwa sababu sikuwahi kuihitaji. Nikamfungulia filamu ya hali halisi ya meli za mizigo, kwa Kiingereza, nikawasha maandishi. Yakatoka meupe, membamba, juu ya bahari yenye mapovu meupe. Baba akatikisa kichwa. Nikarudi kwenye menyu: herufi kubwa, rangi ya manjano, nyuma yake kibao cheusi. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akaivaa tena.

Hakusema kitu kwa robo saa nzima. Mimi nilikuwa namtazama yeye, si runinga. Kiingereza chake ni cha karakana, alichokisoma kwenye vitabu vya mashine, lakini ni kingi kuliko tunavyomdhania. Midomo ilikuwa inacheza. Kisha mkono, ule wa nyuma ya sikio, ukashuka ukakaa juu ya paja, na sikumbuki lini mara ya mwisho niliuona umekaa hapo wakati runinga iko wazi. Nikashusha sauti hadi 20. Hakujua.

Maandishi ya namna hii hayaishii kwenye maneno ya watu. Huandika na mlango ukigongwa, na muziki ukiwa wa huzuni, na mtu akicheka nje ya picha. Ndipo yanapotofautiana na tafsiri ya kawaida, ambayo ameandikiwa mtu mwenye masikio yake ila lugha haijui. Ilifika mahali meli imetia nanga usiku, hakuna anayezungumza, skrini ikaandika kwamba nyenje wanalia. Baba akasoma. Akanigeukia.

"Kwani hapa kwetu nyenje bado wapo?"

Walikuwa wanalia wakati ule ule, dirishani, kwenye mwarobaini. Nikamwambia wapo. Akasema, "Mimi nilidhani wamekwisha, na hizi nyumba zilivyobanana," akarudi kwenye meli yake.

Jana nikataka kumfanyia hayo hayo kwenye taarifa ya saa moja, ile ya Kiswahili, ambayo ndiyo mapenzi yake. Hurudi msikitini baada ya magharibi moja kwa moja kwenye kiti, na kahawa imwagwe hapo. Rimoti ya king'amuzi ina kitufe kabisa kimeandikwa SUB. Nikakibonyeza. Skrini ikajibu kwamba hakuna. Nikahamia kituo cha pili, hakuna, cha tatu, hakuna. Nilipita stesheni zote za hapa nchini kama mtu anayetafuta choo ugenini. Tulipohamishwa kutoka analojia mwaka 2015 tuliambiwa dijitali itatuletea mambo mengi, na kitufe kweli kimeletwa.

Kwenye kona ya chini kuna mkalimani wa lugha ya alama, na namheshimu sana, kazi yake si ndogo. Lakini Baba hakuzaliwa kiziwi. Masikio yamemtoka akiwa na miaka sitini na kitu, na alama hazijui hata moja, isipokuwa ile ya kumwita mwenye teksi. Nikaenda kuitafuta sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Kenya ya mwaka 2003, kifungu cha 39, ilitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani wa lugha ya alama au maandishi kwenye taarifa za habari na vipindi vya elimu. Nilikisoma mara mbili kile kifungu kwa ajili ya hilo "au". Wazee wote wa aina ya Baba wamekaa upande wa pili wa "au".

Marekani walianza mwaka 1972 na kipindi cha mapishi cha kituo cha Boston, maandishi yakionekana na kila mtu. Yale ya kuwashwa na kuzimwa yalipokuja mwaka 1980, yalihitaji kisanduku cha kununua mbali, king'amuzi cha namna yake, mpaka sheria ikawalazimisha wenye viwanda kukitia ndani ya runinga zenyewe kuanzia 1993. Kwa hiyo na wao walikuwa na enzi yao ya kubonyeza na kukosa. Kinachoniuma mimi ni kingine. Baba leo anaweza kuzisoma meli za Wazungu neno kwa neno, na asijue mbunge wake amesema nini kwa lugha aliyonyonya.

Mama naye ana kesi yake. Yeye ni mtu wa tamthilia za Kituruki, hizi zilizotiwa sauti za Kiswahili. Zamani tukitazama filamu za nje zenye maandishi chini, Baba ndiye aliyekuwa akisoma na Mama ndiye akiuliza. Sauti za Kiswahili zilipoingia, Mama akafunguliwa mlango na Baba akafungiwa, usiku mmoja. Sasa humsimulia, kwa sauti ya kuita ng'ambo ya kivuko:

"Baba watoto! Amemwambia ana mimba!"

"Nani?"

"Yule mwenye mtandio mwekundu! Muongo huyo, hana kitu!"

Maandishi ya Mama yamechanganyika na hukumu. Baba anazijua tamthilia zile kwa jinsi Mama anavyowachukia watu wake, na nina shaka hata mmoja hajawahi kumwona kuwa mwema.

Leo jioni nikajaribu jambo la mwisho. Kuna programu ya simu inayosikiliza mtu akizungumza na kuandika papo hapo, na Kiswahili kimo. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, karibu na spika ya runinga, herufi nikazikuza hadi mwisho, nikaomba bando lisikatike. Mtangazaji akaanza na simu ikaanza, nyuma yake kidogo, kama mtoto anayefuatishia kisomo chuoni. Mvua kubwa Kwale ikawa "mvua kubwa kwa hali". Waziri wa Ardhi akawa "waziri wa hadhi", na hapo Baba akaguna. Kisha Bunge likaahirishwa, simu ikaandika:

"Bunge limeharishwa."

Baba akasogea. Akasoma tena ahakikishe. "Limeharishwa? Wamelishwa nini?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kutoka jikoni, na alikuwa hajaona kitu, amesikia tu swali. Baba akacheka mpaka akavua miwani. Katikati ya kicheko shangazi akapiga simu, habari zote zikafunikwa na picha yake ya harusini, nikaikata haraka (atanisema kesho), na tuliporudi wamefika kwenye michezo, ambayo Baba hahitaji kuandikiwa.

Simu yangu naondoka nayo Jumatano. Nimepiga hesabu ya kumnunulia tableti ya bei ya chini, iwe na kazi hiyo tu. Sijamwambia. Lakini usiku huu, kabla hajaenda kulala, alikuja mlangoni pangu akauliza kesho nitakuwa nimerudi kutoka mjini saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili.

"Basi ukipita dukani," akasema, "chukua na kile kijiti cha kusimamishia simu. Chupa ya chai Mama yako ataitaka."