Stempu za Keya: weka mkasi chini kwanza

Sanduku la bati la mzee aliyekuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza, likifunguliwa, iwe Ukerewe, Magu au hapa Mwanza mjini, wajukuu hukimbilia mkasi. Wanakata kona za bahasha wapate stempu, zinazobaki wanawashia jiko. Ndivyo mali inavyoteketea. Stempu ya senti 20 ya Mfalme George wa Sita imejaa kila mahali, bei yake ndogo. Bahasha nzima iliyotoka Burma 1944, yenye muhuri wa posta ya jeshi wenye namba na chapa ya mkaguzi wa barua, ndiyo inayotafutwa. Zingine hazina stempu kabisa, zina herufi O.A.S. tu, maana yake mwandishi yuko vitani. Hizo nazo usitupe.

Stempu za Uingereza zilizogongwa (yaani zilizochapwa maandishi juu yake) M.E.F., Middle East Forces, zilitumika Eritrea, Libya na Somalia, za E.A.F., East Africa Forces, ni za Somalia kuanzia 1943. Maandishi ya M.E.F. yana urefu wa milimita 14 au 13.5, na nukta zake ni za mraba au duara, kwa hiyo rula ya shule haitoshi bila kioo cha kukuza. Za Burma chini ya Wajapani zilizogongwa tausi, zishuku kwanza: za bandia ni nyingi mno. Kukosa gundi si kasoro, kwani matoleo mengi ya Wajapani kule yalitoka bila gundi.

Halafu kuna stempu za Afrika Kusini zilizogongwa KENYA TANGANYIKA UGANDA mwaka 1941 na 1942, bei mpya ikachapwa juu ya ile ya zamani: senti 5 juu ya peni 1, senti 10 juu ya peni 3, senti 20 juu ya peni 6 na senti 70 juu ya shilingi 1. Moja ina Kiingereza, jirani yake Kiafrikana. Ukikuta mbili zimeshikana, ziache hivyo hivyo. Ukizichana umepunguza thamani ya zote mbili.

Loweka zile tu ambazo zilishakatwa zamani. Maji ya baridi, sahani pana, dakika 15 hadi 20. Vuta karatasi itoke kwenye stempu, usivute stempu. Vipande vya bahasha ya rangi viloweke peke yake, rangi huchuja na kutia doa. Muhuri au maandishi ya penseli ile inayogeuka zambarau ikilowa, hata tone moja la maji lisiyaguse. Kausha stempu ikiwa kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, kisha iweke chini ya kitabu kizito usiku kucha.

Unyevu wa ziwa ndio adui mkubwa. Masika gundi hunata yenyewe na madoa ya kahawia hutokea. Simamisha albamu wima, isilazwe kwenye rundo, na iwe mbali na ukuta unaotoa jasho. Mende nao hula gundi. Selotepu hupenya karatasi ikaacha njano isiyotoka, na kulaminisha, ambako kila duka la fotokopi mjini litakushawishi, ni kuizika stempu: joto likishayeyusha plastiki, haitoki tena.

Weka kila bahasha ndani ya bahasha nyingine safi, na juu ya hiyo ya nje andika kwa penseli laini, kabla hujaingiza kitu: jina la mzee, namba yake ya jeshi, kijiji, na sanduku lilipokutwa.