Igizo Litangulie Dodoso

Watafiti wa afya wanaotaka kutumia sanaa hapa Mwanza mara nyingi hutuita mwishoni. Dodoso limeshaandikwa, kamati ya maadili imeshapitisha, pengine hata damu imeshaanza kuchukuliwa, na hapo ndipo kikundi cha maigizo kinapopigiwa simu kije kuelimisha jamii. Tunapewa ujumbe, fulana zenye nembo na posho ya siku, kisha tunatakiwa tuwachekeshe watu kabla ya kuwaeleza umuhimu wa kujitokeza. Kazi hiyo siikatai, maana posho ni posho, lakini faida kubwa ambayo igizo linaweza kuupa utafiti ni kuwafanya wananchi waseme na watafiti wasikilize.

Jambo hili si geni mkoani kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando akiwa mmoja wao, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba. Hawakufika na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walichunguza kwanza matatizo ya kijiji pamoja na wanakijiji wenyewe, wakayajadili, likaibuka suala la wasichana kupata mimba wakiwa shuleni, na ndipo maonyesho yakatengenezwa kwa ngoma na michezo ambayo watu wa pale walikuwa nayo tayari, yakifuatiwa na mjadala wa hadhara.

Linganisha na mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mkoani humu mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20, ambapo 10 zilipata elimu ya afya ya uzazi shuleni, huduma rafiki kwa vijana kwenye vituo vya afya na shughuli nyingine za kijamii. Maigizo mafupi yaliyoandikwa tayari yalikuwa sehemu ya masomo hayo. Matokeo yalionyesha kuwa ujuzi wa vijana uliongezeka, lakini maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hayakupungua kuliko katika jamii za ulinganisho, na hata vijana walipopimwa tena miaka kadhaa baadaye hali ilikuwa ileile. Simaanishi kwamba maigizo ndiyo yaliyoangusha mradi. Mradi ulikuwa na mambo mengi, nao watafiti wake wanastahili heshima kwa kutangaza matokeo yasiyofurahisha. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kukariri ujumbe wote na bado maisha yake yakamzuia kuufuata, na hicho kinachomzuia ndicho ambacho igizo zuri hukifichua.

Namna tunayoitumia zaidi ni ile iliyoanzishwa na Mbrazili Augusto Boal: mchezo unaoishia pabaya unaonyeshwa mara ya kwanza wote, kisha unarudiwa, na mtazamaji yeyote ana ruhusa ya kuusimamisha, kuingia uwanjani na kuchukua nafasi ya mhusika. Tuliwahi kuucheza hivyo kwenye mwalo mmoja, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki, upande wa Ilemela, mada ikiwa kichocho. Kichocho kilichoenea zaidi mwambaoni mwa ziwa hili ni cha tumbo: mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, yakifika majini huanguliwa, vimelea hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayesukuma mtumbwi. Mvuvi wetu wa kuigiza alikuwa mkaidi asiyetaka choo. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa aliinua mkono.

"Mwanangu, huyo mvuvi unamcheza kama mtu asiyejua. Anajua! Choo cha kulipia kinafungwa jioni, na wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku. Sasa arudi alfajiri amgongee nani?"

Kijana wetu akamjibu, "Shikamoo mama, karibu uwanjani utuonyeshe," naye akaingia na kanga yake kiunoni, akaufunga mlango usiokuwepo na kuitia funguo kifuani. Watu walicheka mpaka basi. Mtafiti aliyekuwa nasi, ambaye dodoso lake lilikuwa na maswali kadhaa ya kupima kama mtu anajua kichocho huambukizwa vipi, hakuwa na hata swali moja kuhusu saa za kufungua choo. Aliliongeza jioni ileile.

Hata hivyo, igizo lina hatari zake, na watafiti wasidhani kwamba kwa kuwa watu wanacheka basi wako huru. Mbele ya tajiri mwenye mitumbwi, kibarua hatasimamisha mchezo unaomgusa tajiri huyo, na wanawake wengi huongea zaidi wakiwa peke yao, kwa hiyo ni bora kuonyesha mara mbili kwa makundi tofauti. Kambi za wavuvi ni ndogo. Mhusika mgonjwa akifanana mno na mtu anayejulikana, mmemwaibisha. Na maneno ya watazamaji yakishaandikwa daftarini yamekuwa data, hivyo ni lazima ridhaa yao na idhini ya kamati ya maadili vipatikane mapema.

Ipo pia tabia ya kuhesabu vichwa na kuviita mafanikio. Wasukuma wana mashindano ya ngoma kati ya vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, ambamo anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi, na kule Bujora, Kisesa, bado yanafanyika. Kisesa hiyohiyo ndiko watafiti wamekuwa wakifuatilia mwenendo wa UKIMWI tangu 1994. Umati ni kipimo halali cha ngoma, lakini hautuambii kama mtu ameelewa kwa nini anaombwa damu, wala kama bado anawaona wachukuaji damu kuwa ni mumiani.

Kwa hiyo mtafiti anayenipigia simu sasa namwomba aje na swali kabla hajaja na ujumbe, akae chini na watazamaji badala ya kukaa kwenye viti vya meza kuu, na bajeti yake iwe na safari ya pili ya kurudisha matokeo kwa watu walewale waliotoa damu na maneno yao. Mkataba usio na safari hiyo kikundi chetu hakiusaini.